Mizabibu ya Mama Bata

Zabibu za mwisho ziliingia saa tisa alasiri, na hakuna aliyeshangilia. Miaka mingine wachumaji walipiga vigelegele kreti ya mwisho ilipotua sakafuni. Mwaka huu waliitua tu, wakanawa mikono bombani, wakavaa viatu vyao vya nyumbani na kuondoka mmoja mmoja wakiburuta miguu. Mavuno yalikuwa yamewakamua watu kabla watu hawajazikamua zabibu.

Mama Bata alibaki ameegemea mlango wa jengo la mvinyo, mikono yake ya zambarau hadi viwikoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye shingo iliyoumbwa kwa maringo, ingawa siku hizi aliibeba kama mtu aliyetwishwa ndoo. Hakuwahi kuzaa. Jina lile alipewa na majirani kwa kejeli, pale alipoacha kupiga dawa shambani akaingiza bata katikati ya mistari ya mizabibu ili wale konokono. "Mtoto kakosa, kajizalia bata," walisema. Mwanzoni lilimchoma. Baadaye alilizoea, na mwishowe likamkaa kama gauni la mtumba ambalo limeshajua mwili wa mvaaji.

Ndani, juu ya ngazi iliyoegemezwa kwenye tangi la chuma, Mapipa alikuwa akizamisha maganda. Zabibu zikishaanza kuchemka kwa hamira yake ya asili, maganda hupanda juu yakafanya kifuniko kizito, na kifuniko kile kisipozamishwa mara kwa mara mvinyo huharibika. Mapipa aliyazamisha kwa mti mrefu, taratibu, mabega yake mapana yakipanda na kushuka. Yeye ndiye mtengeneza mvinyo wa shamba hili. Alikuja kuziba pipa moja lililokuwa likivuja, akasema atarudi kuangalia kama limeshika, akarudi, na tangu hapo hakuwahi kuondoka. Jina alipewa kwa tabia yake ya kugonga kila pipa kwa kidole na kulitegea sikio, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

"Shuka unywe maji," Mama Bata alimwambia.

"Ngoja nimalize hili."

"Ndivyo ulivyosema kwenye lile la kwanza."

"Na nililimaliza."

Siku nyingine angecheka. Lakini alijibiwa bila kutazamwa, na hilo ndilo lililokuwa likimla siku hizi zote. Kwa wiki mbili sasa Mapipa hakumtazama machoni. Alitazama matangi, alitazama kreti, alitazama vidole vyake mwenyewe. Na wao wawili walikuwa watu wa macho. Mapenzi yao yalianzia huko na kwa muda mrefu hayakuwa na nyumba nyingine.

Ilikuwa msimu wa kupogoa ndipo yaliposhuka kutoka machoni hadi mikononi. Waya ulimchana Mama Bata kiganja akifunga matawi. Mapipa akalivua shati lake, akachana kipande, akamfunga. Kidonda kilifungwa, damu ikakata, na bado hakuuachia mkono.

"Umeshamaliza," Mama Bata alimwambia.

"Najua."

"Sasa?"

"Nikiuachia nitaanza kufikiria. Acha kwanza nisifikirie."

Walisimama pale mpaka bata wakaja kuwapiga chabo. Wakacheka. Kisha, kama watu wazima walivyo, wakapanga. Mavuno yakiisha, Mapipa angekwenda kwa wazee kuposa. Kabla ya hapo wasiseme neno, kwani kazi ni nyingi na midomo ya watu ni mingi zaidi.

Na leo mavuno yalikuwa yamekwisha.

Yalikuwa mavuno ya tabu. Ubwiri uliingia mapema, ule ukungu mweupe unaoyafanya majani yaonekane kama yamemwagiwa unga. Kila mtu alimwambia chupa moja tu ya dawa ya dukani ingelimaliza tatizo, na kila mtu alimwona mjinga alipokataa. Alinyunyizia maziwa yaliyozimuliwa kwa maji, alfajiri baada ya alfajiri, hadi akawa ananuka kama mtoto mchanga. Alichuma majani yaliyougua moja moja kwa mkono. Theluthi ya zabibu ilikwenda na maji. Iliyobaki ilikuwa safi, ngozi nene, tamu, lakini aliyeiokoa alikuwa amebaki mifupa na ukaidi.

Ukaidi huo ulikuwa na chanzo chake. Wiki moja baada ya kumzika mumewe, miaka minane nyuma, alichukua jembe akapande ua kando ya shamba. Alichimba hapa, akachimba pale. Udongo ulikuwa wa kijivu, mgumu, haunuki chochote, na hakukuta nyungunyungu hata mmoja. Alikaa chini akalia, hajui kama anamlilia mume au ardhi. Siku ile ndipo aliposema dawa basi. Akapanda kunde kati ya mistari, akamwaga mboji kwa toroli, akaacha majani yaote, akaleta bata wake. Mwaka wa kwanza alivuna aibu. Lakini taratibu ardhi ikaanza kupumua, na sasa mvua ikinyesha shamba zima hunukia udongo, watu wa njiani wanasimama kuvuta pumzi bila kujua kwa nini.

Akiwa bado amesimama mlangoni, alisikia gari likizimwa nje. Akaingia shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mnene wa moyo mweupe na mdomo usio na mlango. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na hata siku za mapumziko nguo zake zilikuwa na vumbi la saruji.

"Shemeji! Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Karibu."

"Naona mmemaliza. Mungu mkubwa." Akatazama juu kwenye ngazi, akapunga mkono. "Na wewe, bwana mkubwa, hongera! Nimesikia. Kiwanda kile cha mvinyo si mchezo, wanalipa vizuri na nyumba wanatoa." Akamgeukia Mama Bata, uso umejaa huruma. "Pole shemeji, fundi kama huyu kumpata tena ni kazi."

Mama Bata akabandua bega mlangoni.

"Fundi gani?"

"Si huyu? Anaanza mwezi ujao, au..." Shemeji akatazama ngazi, akamtazama mwanamke, akatazama viatu vyake. "Ah. Kumbe."

Mti uliokuwa ukizamisha maganda ulisimama.

"Mimi," shemeji alisema akirudi kinyumenyume, "nilikuja kumsalimia mama. Acha nikamsalimie mama." Akatoka kwa kasi isiyolingana na mwili wake, kuelekea nyumba kubwa aliyokuwa akiishi mama yake yeye na marehemu.

Kimya kilichobaki hakikuwa kimya kamili. Mvinyo mpya ulikuwa ukichemka matangini, ukisema peke yake, ts, ts, ts.

"Shuka," Mama Bata alisema.

Mara hii alishuka.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili zilizopita ndipo nilipokubali."

"Wiki mbili!" Sauti yake ilitaka kupanda, ikakosa nguvu njiani. "Umekula mezani kwangu wiki mbili. Umenieleza habari za sukari, habari za joto, habari za maganda. Hili ndilo lililokosa nafasi?"

"Nilitaka mavuno yaishe kwanza. Ulikuwa umechoka sana."

"Kwani sasa nimepumzika?"

Mapipa alijifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na maji.

"Tulisema mavuno yakiisha utakwenda kwa wazee kuniposa," Mama Bata alisema. "Nilikuwa nahesabu kreti, mwenzio. Kila kreti ikiingia nasema, bado kidogo. Mgongo unavunjika nasema, bado kidogo. Kumbe mwenzangu unahesabu siku za kutoroka."

"Sitoroki."

"Mtu anayeondoka bila kuaga, huko kwenu anaitwaje?"

Mapipa aligeuza kreti tupu akaikalia. Ndipo Mama Bata alipoona jinsi alivyokonda. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na ndevu zilizoota bila mpango zilikuwa na mvi nyingi kuliko alizozikumbuka. Alitaka kumwonea huruma na alitaka kumpiga na mti ule mrefu. Hakuwa na nguvu ya kufanya hata kimoja.

"Mama aliniita," Mapipa alisema hatimaye.

"Mama gani?"

"Mavyaa wako. Alinikaribisha chai, akanikalisha vizuri, hakunigombeza hata kidogo. Akaniambia, 'Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Ila shamba hili ni langu. Nilimpa mwanangu, mwanangu akafa, nikamwachia mkewe. Siku atakapokuwa mke wa mtu mwingine, nitalichukua nimpe mdogo wa marehemu.' Basi. Akaniongezea sukari kwenye chai."

Mama Bata alijua mavyaa wake hapendi ukaribu wao, kwani siku zote habari haikosi miguu. Hakujua kama jambo limefika hapo.

"Na mdogo wa marehemu tunamjua," Mapipa aliendelea. "Si mtu mbaya, lakini hana subira ya bata. Msimu mmoja tu mabomba ya dawa yatarudi. Kila ulichokifufua kitakufa. Mimi nimekuona ukienda shambani na homa. Nimekuona ukipiga magoti kwenye tope unanionyesha nyungunyungu kama mtu anayeonyesha kichanga. Sasa mimi ni nani mpaka niwe sababu ya wewe kuvipoteza vyote hivyo?"

"Wewe ni nani?" Mama Bata alirudia polepole. "Swali zuri. Ungeniuliza mimi mwenye jibu."

"Nilijua utasema nini."

"Nini?"

"Ungenichagua mimi. Halafu siku moja, mwaka wa pili au wa tatu, ungeamka asubuhi ukanitazama, ukapiga hesabu ya nilichokugharimu. Mimi hilo jicho singeliweza."

"Na mimi kubaki hapa na mizabibu yote hii, kila mstari una sauti yako, hilo ningeliweza?"

Mapipa alikwangua ganda la zabibu kwenye ukucha wake.

"Sikia," Mama Bata alisema, akishuka kukaa sakafuni palepale, mgongo ukutani. "Kuondoka unaweza kuondoka, sitakufunga kamba. Kinachoniuma ni ninyi wawili kukaa na chai yenu, mkanigawa. Huyu achukue shamba, huyu achukue safari. Na mimi mwenyewe niko nje nachuma majani yaliyougua, sina habari kwamba kesi yangu imeshahukumiwa. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniamulia mambo akiwa hai. Nilikuvumilia wewe kuingia moyoni kwa sababu hukuwa mtu wa kuniamulia."

Maneno hayo yalimwingia Mapipa mahali palipostahili. Aliinamisha kichwa. Aliponyanyua, alimtazama machoni kwa mara ya kwanza baada ya siku zile zote, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikosea," alisema. "Nilidhani nakubebea mzigo."

"Umenibebea mzigo, ukaondoka nao na mimi nikiwa ndani yake."

Angelia, lakini hata machozi yalikuwa yamechoka, yakaishia njiani. Mapipa aliteremka kwenye kreti akakaa sakafuni karibu naye. Hawakugusana. Bega kwa bega na nafasi ya kiganja kimoja katikati, wakasikiliza mvinyo unavyochemka.

Ndivyo walivyokuwa mlango ulipotiwa kivuli.

Mavyaa alikuwa amesimama pale na mkongojo wake, akipumua kwa shida, na nyuma yake shemeji akijifanya anaangalia mawingu. Bibi yule hakuwahi kuingia jengo hili tangu mwanawe afe. Mama Bata na Mapipa waliinuka haraka kama watoto waliofumaniwa jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipeni kitu nikae."

Alipewa kreti. Akakaa wima, mikono miwili juu ya mkongojo, akazungusha macho kwenye matangi na mapipa, akavuta pumzi. "Pananuka vizuri," alisema, kana kwamba jambo hilo linamuudhi. "Zamani palikuwa pananuka dawa. Haya. Huyu mwanangu anasema kamwaga mchele. Nimekuja tuokote punje kila mtu akiwepo."

"Mama," Mama Bata alisema, "nikiolewa na huyu, shamba linarudi kwako?"

"Linarudi."

"Hata nikibaki kulilima kama kibarua?"

"Hata hivyo."

"Kwa nini mama? Nimekukosea nini?"

Bibi alizungusha ncha ya mkongojo wake sakafuni. Alipoongea, ukali ulikuwa umetoka kwenye sauti yake, ikabaki sauti ya mtu mzee tu.

"Hujanikosea. Kama ungenikosea ingekuwa rahisi. Mwanangu amebaki mahali pawili. Kaburini, na pale." Akaelekeza kidevu dirishani, kwenye mistari ya mizabibu. "Kaburi ni jiwe. Lakini asubuhi nikifungua dirisha nikamwona mkewe kwenye mizabibu, na kilemba chake, na makelele ya bata wake, nasema, bado hajaisha. Sasa siku nikifungua dirisha nikaona mume mwingine kasimama pale ubavuni pako, mimi nitamzika mwanangu mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na nguvu. Sasa sina."

Shemeji alijifuta uso na mkono wa shati, akaacha mstari wa vumbi la saruji shavuni.

Mama Bata alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Kwa ugomvi alikuwa na maneno, tena ya akiba. Kwa hili hakuwa na neno hata moja. Alimtazama mama yule ambaye yeye alimwogopa miaka yote, akaona kwamba walikuwa wamechoka kwa uchovu mmoja, kila mmoja na chumba chake. Na akaona jambo jingine, jepesi na la kutisha: kwamba kwa miaka minane alikuwa akiamka alfajiri kuwa dirisha la mtu mwingine.

"Basi lichukue, mama," alisema.

"Umesemaje?"

"Lichukueni shamba. Nililikuta halina uhai, ninaliacha lina uhai. Nilichokuwa nacho cha kumpa mwanao nimempa, na kilichobaki, ambacho si kingi, nataka kuishi nacho."

Mapipa aligeuka ghafla. "Usiseme hivyo kwa sababu yangu."

"Nyamaza wewe. Umeshatumia zamu yako na mavyaa wangu, tena kwa chai. Hii ni zamu yangu." Akamgeukia tena bibi. "Ombi langu ni moja. Shemeji asipige dawa mwaka wa kwanza. Mwaka mmoja tu, ajionee."

"Mimi?" shemeji alitokeza kichwa. "Jamani, mimi hata kupogoa sijui! Mama, mimi nauza saruji. Saruji haishikwi na ukungu, hailiwi na konokono, ikilala dukani inaamka vilevile. Hili shamba mnanipa zawadi au adhabu?"

"Utajifunza," mama yake alimkata.

"Kutoka kwa nani, na mwalimu unamfukuza?"

"Utajifunza nimesema!"

Lakini bibi hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa akimtazama Mama Bata kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zote akidhani umefungwa, kumbe ulikuwa wazi.

"Mtakwenda wapi?" akauliza.

Mama Bata alifungua mdomo, akakuta hajui. Mapipa ndiye aliyejibu, akikohoa kwanza.

"Shangazi yangu ana kipande cha mlima. Mawe matupu. Mbuzi wenyewe wanakilalamikia. Amenisumbua miaka mingi nikichukue."

"Kina dawa?" Mama Bata aliuliza, kwa mazoea tu.

"Hakijawahi kupigwa dawa kwa sababu hakijawahi kulimwa."

Licha ya yote, kicheko kidogo kilimtoka, kikavu kama jani.

"Na kile kiwanda?" bibi aliuliza.

"Nitakwenda. Mzabibu ukipandwa leo hauzai mpaka mwaka wa tatu, na watu lazima wale. Nitakuwa nakoroga mvinyo wa wenyewe wiki nzima, mwisho wa wiki napanda mlimani kuondoa mawe." Akamtazama Mama Bata. "Kama mwenyewe atakubali. Mimi siamui tena."

Bibi akajiinua kwa mkongojo, akaukataa mkono wa mwanawe, na alipofika mlangoni akasimama akiwa amewapa mgongo.

"Harusini sitakuja. Msinialike, kwa sababu nitakataa na mtaumia bure."

"Sawa mama," Mama Bata alisema.

"Msimu wa kupogoa ukifika, njoo. Huyu wangu hajui kukata, kajisemea mwenyewe. Ukate wewe. Matawi yanayoanguka chini uyachukue, uanze na ile mizee ya upande wa kisima, aliyoipanda baba yao."

Mama Bata akapiga hatua moja mbele. Kila mkulima wa zabibu anajua kwamba mzabibu haupandwi kwa mbegu. Unapandwa kwa tawi lililokatwa. "Mama, lakini hayo ndiyo..."

"Shamba sijakupa!" bibi alisema kwa ukali wake wa zamani. "Nimekupa kuni. Ukizichomeka ardhini zikaota, hiyo ni shauri yako na Mungu wako."

Akatoka. Mkongojo wake ulisikika kwenye changarawe, taratibu, na nyuma yake nyayo nzito za shemeji.

Jua lilikuwa limeingia kupitia mlangoni likalala sakafuni. Mama Bata alikaa tena pale ukutani, safari hii akaanguka zaidi kuliko kukaa, na Mapipa akaja ubavuni. Nafasi ile ya kiganja kimoja haikuwepo tena.

"Sasa nikupose kwa nani?" Mapipa aliuliza. "Wazee ndio hao wameondoka."

"Kwangu mimi. Kwani nimekufa?"

"Basi nakuposa kwako wewe. Sina shamba, sina nyumba, nina mawe ya shangazi na mgongo mbovu."

"Mahari hiyo kubwa. Sijui nitaiweka wapi." Alifumba macho. "Nimechoka, Mapipa."

"Najua."

"Hujui. Nimechoka mpaka ndani ya meno. Kuanza tena mboji, kuanza tena kunde, kusubiri tena, watu kucheka tena. Sijui kama mwili huu una miaka mingine mitatu ya hivyo."

"Wangu pia sijui."

"Mbona hunidanganyi kidogo? Wenzio hudanganya."

"Nimeshakudanganya kwa kunyamaza wiki mbili. Inatosha." Akauchukua mkono wake wa zambarau, akaufunika kwa wake wa zambarau, na vidole havikujulikana vipi ni vya nani. "Tutaanza na mstari mmoja. Tukichoka tunakaa chini. Tukipumzika, wa pili."

"Na tukishindwa?"

"Tutakuwa wazee wawili wenye mstari mmoja wa mizabibu. Nimeona watu wana kidogo kuliko hicho na wanalala vizuri."

Aliweka kichwa begani kwake. Bega lilinuka jasho na zabibu. Alitaka kusema jambo moja zaidi, kwamba amekubali, kwamba hajui kulisema hilo kwa uzuri unaostahili, lakini alisikia pumzi ya Mapipa ikiwa nzito na ndefu, akajua mposaji ameshasinzia kabla ya kujibiwa. Alitabasamu. Na yeye macho yakazidi kuwa mazito, yakamwacha mahali pale katikati, ambapo mtu bado anasikia lakini hawezi kuinua hata ukope.

Ndipo aliposikia nyayo zikirudi, na sauti ya shemeji mlangoni, iliyojaribu kunong'ona ikashindwa.

"Mama, wamelala! Wamelala chini kama magunia. Niwaamshe nimuage shemeji?"

Sauti ya bibi ilitoka mbali kidogo, nje kwenye changarawe.

"Waache. Huyo mtoto sijamwona akilala tangu kaka yako afe. Vuta mlango, upepo usimpige."

Mlango ulivutwa polepole, ukalia kidogo kwenye bawaba, ukatulia. Mama Bata alilisikia lile neno, mtoto, akalikumbatia, akalala nalo.